Tafakuri Tunduizi katika Kichina cha Ngazi ya Juu
Tafakuri tunduizi katika Kichina cha ngazi ya juu ni malezi ya mwanafunzi ambaye mazungumzo hayamsumbui tena, ili aweze kupima hoja kwa Kichina chenyewe: nani anasema, amechukulia nini kuwa kimekubaliwa, amenyamazia nini. Viwango vya China vya kupima Kichina cha wageni, vilivyoanza kutumika Julai 2021, vina madaraja 9 na msamiati wa maneno 11,092. Wingi huo hautoshi peke yake. Mtu anaweza kuyajua yote na bado akameza kila anachosoma.

Jina la stadi hii kwa Kichina lina jeraha. Tafsiri ya kawaida ni pipanxing siwei, na pipan ndilo neno lililotawala mikutano ya kushutumu watu hadharani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Baadhi ya walimu huchagua sibian, yaani kufikiri na kupambanua.

Kazi kubwa iko kwenye maneno madogo. Renwei na yiwei yote hutafsiriwa "kuona kuwa", ila yiwei mara nyingi hudokeza kwamba mwenye wazo alikosea. Katika habari, zhichu huipa kauli uzito wa ukweli, cheng huiacha mikononi mwa msemaji. Msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua tofauti ya "alibainisha" na "alidai". Mwanafunzi hupewa taarifa mbili za tukio moja, akapigia mstari vitenzi hivyo, kisha akavibadilisha nafasi na kusoma upya. Zoezi hili lina faida zaidi kuliko mdahalo, ambao huwabeba wenye ulimi mwepesi.

Hadithi fupi ya Lu Xun, Kong Yiji, iliyotoka 1919 katika jarida la Xin Qingnian, inafaa sana hapa. Msimulizi anakumbuka ujana wake akipasha pombe kilabuni, ambako msomi aliyefeli mitihani alikuwa kichekesho cha wateja. Sentensi ya mwisho inaweka neno la kukisia na neno la kuthibitisha juu ya kifo kilekile cha msomi huyo. Mwalimu mwenye haraka huipita sentensi hiyo. Aliyetulia huuliza: nani alikwenda kuhakikisha? Wanafunzi hurudi nyuma na kuona kwamba hata habari ya msomi huyo kuvunjwa miguu ililetwa na mnywaji, na kwamba mwenye kilabu alimkumbuka kwa deni la sarafu 19 lililobaki ubaoni.