Mabasi ya Agosti

Kila Agosti, shule zikiwa zimefungwa, wachuuzi wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huyatambua mabasi ya wanamichezo kabla hayajasimama. Juu ya keria magodoro yamefungwa kwa kamba, ubavuni pameandikwa jina la shule na kaulimbiu yake, na ndani nyimbo hazikatiki. Wauza mahindi ya kuchemsha na njugu hukimbilia madirishani. Nyuma yao huja wabadilishaji pesa, mabunda ya noti mkononi. Mwanafunzi akitoa noti ya 500 ya Kenya hupewa zaidi ya shilingi 10,000 za Uganda, naye hujiona tajiri mpaka atakapouliza bei ya soda ng'ambo.

Mabasi hayo yanakwenda kwenye Michezo ya Shule za Sekondari za Afrika Mashariki, inayoandaliwa na shirikisho ambalo walimu wa michezo hulitaja kwa kifupi chake tu: FEASSSA. Soka, raga, voliboli, netiboli, mpira wa kikapu, wa mikono na wa magongo, riadha na mingine, yote huchezwa kwa pamoja, na vijana wanaokusanyika huhesabika kwa maelfu. Humo ndimo St Mary's Kitende ya Uganda ilimojijengea jina katika soka, Kwanthanze ya Machakos katika voliboli ya wasichana, na Friends School Kamusinga ya Bungoma katika mpira wa magongo. Malaba na Busia, mji mwingine wa mpaka huu, ni mlango tu wa mashindano haya. Hata hivyo, historia yake husomeka mlangoni pengine vizuri kuliko uwanjani.

Mlango wenyewe si wa kale. Hadi 1902 nchi yote hii, kuelekea mashariki mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza waliihamishia kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ukaja kuwekwa rasmi kwa amri iliyotolewa London mwaka 1926, Wateso na Wasamia wakabaki nusu huku, nusu kule. Mwaka huohuo Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, zawadi ya kampuni ya sabuni ya Uingereza, ambalo baada ya miongo kadhaa lilizaa Kombe la CECAFA. Yaani mpaka huu na ushindani wa kimichezo wa nchi hizi mbili ni marika. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, ikipitia Malaba na Tororo, timu ziliweza kupanda treni Nairobi na kushukia kwa wapinzani wao.

Huko Busia hakukuwa na reli, kulikuwa na baiskeli. Miaka ya 1960 vijana walianza kuwabeba abiria na mizigo yao kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, wakiita "boda, boda!" Neno hilo sasa linatumika hadi Dar es Salaam, na wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka. Mji huu, ukipenda, ulikuwa na mbio zake wenyewe.

Miaka iliyofuata haikuwa ya michezo sana. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1979, vita vya kumng'oa Idi Amin vikiwa vimefika Kampala, mwanariadha wa Uganda John Akii-Bua naye alikimbilia Kenya na familia yake kama wakimbizi wengine. Huyu ndiye aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Munich mwaka 1972 katika mita 400 kuruka viunzi, akiweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82.

Kisha ukaja 1987. Agosti, Nairobi iliandaa Michezo ya Nne ya Afrika Yote katika uwanja mpya wa Kasarani. Timu ya soka ya Kenya ilifika fainali na kufungwa na Misri 1-0. Desemba, wanajeshi na polisi wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi huko Busia, na mpaka ukafungwa. Vitabu vya michezo vinaukumbuka mwaka huo kwa Agosti yake. Busia ina sababu ya kuukumbuka kwa Desemba.

Mkataba wa jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na michezo ya shule nayo huzunguka nchi wanachama. Orodha ya wenyeji ina jambo la kupendeza: miji mikuu huonekana humo kwa nadra. Lira ilikuwa mwenyeji mwaka 2013, Eldoret 2016, Gulu 2017, Musanze 2018, Arusha 2019. Haya ni mashindano ya viwanja vya shule, mabweni ya kuazima na sufuria kubwa, na miji ya ukubwa wa wastani huyamudu vizuri kuliko jiji linalotaka kila kitu kipitie hotelini.

Kwa mabasi ya Kenya, Lira na Gulu maana yake ilikuwa Malaba, Tororo, Mbale, Soroti. Na mpaka, kwa miaka mingi, maana yake ilikuwa kusubiri. Basi zima lilishuka upande wa Kenya, likapanga foleni dirishani kugongewa muhuri wa kutoka, likavuka kwa miguu, kisha likapanga foleni nyingine kugongewa wa kuingia. Mwalimu wa michezo ndiye aliyebeba faili: orodha ya majina, barua ya mwalimu mkuu, idhini za wazazi, nakala za vyeti vya kuzaliwa, kadi za njano za chanjo. Karatasi moja ikikosekana, vijana arobaini walikaa juu ya mabegi yao wakitazama malori yakiwapita.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Busia. Utaratibu wake ni rahisi kueleza: anayeingia Kenya hahudumiwi Uganda, hupita moja kwa moja na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa upande wa Kenya, anayeingia Uganda, vivyo hivyo upande wa pili. Foleni moja badala ya mbili. Agosti iliyofuata michezo ilikuwa Musanze, mwendo wa siku nzima na zaidi, na saa zilizookolewa mpakani hazikuwa haba.

Faili la mwalimu, hata hivyo, halikupungua unene. Cheti cha kuzaliwa humngoja mwanafunzi uwanjani, wapinzani wanapodai kuwa fulani ni mamluki: kavuka umri, au si mwanafunzi wa shule ile. Malalamiko hayo ni ya miaka yote na ya nchi zote. Kwa watu wa mpakani yana utata wa ziada, maana mtoto wa Busia ya Kenya kusoma Busia ya Uganda ni jambo la kila asubuhi, na shule za Uganda zimewasajili vijana wa Kenya wenye vipaji kwa kuwalipia karo. Mamluki ni nani, mahali ambapo shule iliyo karibu zaidi iko nchi nyingine?

Mwaka 2020 na 2021 mabasi hayakuja kabisa. Korona ilipofunga shule, kilichojaa Malaba ni malori, madereva wakingoja majibu ya vipimo katika mistari ya kilomita nyingi. Uganda haikufungua shule kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Mwaka huo michezo ilirudi, Arusha, na mwaka 2023 ikawa Huye.

Agosti 2024 ikawa zamu ya Bukedea. Kwa Malaba hii haikuwa safari kama nyingine. Bukedea iko Teso, mbele kidogo ya Mbale, na Malaba ya Kenya imo katika nchi ya Wateso wa upande huu. Mchezaji aliyetoka Amagoro, upande huu, alivuka kwenda ugenini, akafika na kukuta wauza chakula nje ya uwanja wanasema Kiteso cha bibi yake.

Mwaka uliofuata mabasi yaligeuka. Agosti 2025 mwenyeji alikuwa Kakamega, wakati uleule Kenya, Uganda na Tanzania zikiandaa kwa pamoja fainali za soka za CHAN. Sasa ndio vijana wa Uganda walioshuka upande wa Kenya, wakapitia dirisha moja, na wale waliopitia Busia wakashika barabara ya Mumias. Kwa wabadilishaji pesa hesabu nayo iligeuka. Noti ya 10,000 ya Uganda haikufika hata 400 za Kenya, na kuna waliohesabu mara mbili.