Umakinifu si bidii tu

Kumi la mwisho la Ramadhani, mafundi cherehani hawalali. Tuwatazame wawili. Wa kwanza hupokea kila kitambaa, hushona hadi daku, na usiku wa kuamkia Idi bado anasema, "Mama, nipitie alfajiri." Wa pili ana daftari: vipimo, arubuni, siku ya kuchukua nguo. Kurasa zikijaa, hurudisha kitambaa: "Dada, nikikipokea nitakudanganya."

Wote wana bidii. Wa pili amezidi kwa hulka ambayo wanasaikolojia huihesabu miongoni mwa tano kuu za binadamu. Nyingine ni uchangamfu, upole, uwazi wa fikra na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi.

Kwa Kiingereza jina la hulka hiyo limetokana na dhamiri, nalo limebeba mengi: utaratibu, kujituma, kutimiza wajibu, kujitawala, kufikiri kabla ya kutenda. Kwa Kiswahili kila kipande kina neno lake, na hapo ndipo mfasiri hukwama. "Bidii" huliacha daftari nje. "Uwajibikaji" umeshachukuliwa na siasa. Tukiusikia, tunamfikiria waziri anayetakiwa kujiuzulu. "Uadilifu" nao ni wa maadili, na mwadilifu aweza kuchelewesha nguo.

Mimi nachagua "umakinifu". Mtu makini ni aliyetulia, anayejua mkono wake unafanya nini. Ila tusiuchanganye na "umakini", ule wa mwalimu anapotaka darasa lisikilize. Umakini waweza kuwa wa saa moja. Umakinifu ni mazoea ya miaka.

Mwaka 1991, watafiti wa Marekani Murray Barrick na Michael Mount walichapisha uchambuzi wa tafiti 117 kuhusu hulka na kazi. Waligusa wataalamu, polisi, mameneja, wauzaji na mafundi. Uchangamfu uliwafaa hasa mameneja na wauzaji. Umakinifu ulikwenda pamoja na utendaji mzuri katika makundi yote. Hata hivyo, uhusiano huo ulikuwa kama 0.22 tu, ambapo 1 ndiyo ukamilifu. Hulka husaidia, lakini mtaji, ujuzi na bahati havijaondoka mezani.

Umeme ukikatika mkesha wa Idi, fundi wa daftari naye hukwama. Ila hufungua ukurasa, akaanza kuwapigia simu wateja mmoja mmoja, kabla hawajafunga safari.