Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Mwaka jana mjomba wangu aliniita kwake Temeke, akafungua sanduku la nguo, akatoa disketi nyeusi iliyoviringishwa kwenye kitambaa. "Mjomba," akaniambia, "si unajiita mwandishi siku hizi? Hebu nisomee hii."

Ndani yake, alisema, kuna tamthilia aliyoipiga chapa mwaka 1991 kwenye kompyuta ya ofisi alikokuwa karani, jioni wenzake wakishaondoka. Nakala pekee ya karatasi ilichukuliwa na kikundi cha maigizo. Kikundi kikavunjika, na karatasi zikapotea.

Nikazunguka Kariakoo mpaka nikapata kisomeo cha disketi cha mtumba, cha kuchomeka kwenye kompyuta ya leo. Disketi ikanguruma, faili likaonekana. Kulifungua, loo! Kila neno lilikuwa na mkia wa ajabu. Herufi ya mwisho ilikuwa imegeuka alama ambazo hata kibodi yangu haina. Kumbe Mjomba aliandikia WordStar, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, na matoleo yake ya zamani yalikuwa yakitia alama ya siri kwenye herufi ya mwisho ya kila neno ili kusaidia kupanga mistari. WordStar yenyewe huielewa alama hiyo. Programu yangu ya leo haina habari nayo.

Sasa, ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojiuliza: maneno ninayo mkononi, kwa nini siwezi kuyasoma? Jibu ni kwamba faili linahitaji programu yake, na programu inahitaji mashine yake. Mashine ya Mjomba ilishatupwa zamani. Basi inabidi itengenezwe upya, lakini si kwa vyuma. Inatengenezwa kwa programu inayoiga mwenendo wake wote, na programu hiyo huitwa emuleta.

Wazo hili lina umri kuliko kompyuta tunazozijua. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwamba inawezekana kuwa na mashine moja ya kukokotoa inayoweza kuiga nyingine yoyote ya aina yake, mradi ipewe maelezo ya jinsi ile nyingine inavyofanya kazi. Lakini wazo lile lilikuja kuwa bidhaa dukani kwa sababu ya mambo ya mishahara na biashara.

Mwaka 1959 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo 1401. Ilikuwa ikilishwa kadi zilizotobolewa matundu, na zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Makampuni mengi yakaandikia humo programu za kulipa mishahara, kuhesabu akiba na kutuma ankara. Halafu tarehe 7 Aprili 1964, IBM hiyo hiyo ikatangaza ukoo mpya, System/360. Zilikuwa mashine ndogo kwa kubwa, zote zikielewa maagizo ya aina moja. Tatizo ni kwamba maagizo hayo hayakuwa yale ya 1401.

Hebu jiweke kwenye viatu vya mhasibu wa wakati ule. Programu ya mishahara imeandikwa kwa miaka, inafanya kazi, na wafanyakazi wanalipwa. Leo unaambiwa ununue mashine nzuri zaidi, ila uandike kila kitu upya. Nani atakubali? Washindani walishaona mwanya huo. Mwezi Desemba 1963, Honeywell ilikuwa imetangaza mashine inayofanana na 1401, pamoja na programu ya kuwahamisha wateja wa IBM bila kuanza moja.

Wahandisi wa IBM wakajibu kwa kuweka ndani ya System/360, chini kabisa ya programu zote, maagizo maalumu ya kuifanya mashine mpya ijifanye ya zamani. Jina la emuleta lilizaliwa katika kazi hiyo, na anayetajwa kuwa alilibuni ni mhandisi wao Larry Moss. Mteja aliendesha programu zake zile zile, na mara nyingi zilikwenda kasi kuliko kwenye 1401 halisi!

Kazi yake ukiitazama ni kama ya mkalimani mwenye subira. Programu ya zamani inatoa agizo: chukua namba hii, ijumlishe na ile, weka jibu pale. Prosesa mpya haijui lugha hiyo. Emuleta inasoma agizo, inalitekeleza kwa lugha ya mashine mpya, inaandika jibu mahali ambapo mashine ya zamani ingeliandika, kisha inasubiri agizo linalofuata. Skrini, kibodi na disketi navyo huigizwa. Programu ya zamani haiambiwi kwamba zama zimebadilika.

Mwanzoni mambo haya yaliwahusu zaidi watu wa biashara. Ni Waingereza waliopata somo la pili, na hili linatuhusu sisi watu wa kalamu moja kwa moja. Mwaka 1086 maofisa wa Mfalme William walikusanya habari za ardhi na mali ya Uingereza katika kitabu cha ngozi kiitwacho Domesday Book. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la BBC likatoa Domesday mpya ya kompyuta. Zaidi ya watu milioni 1, wengi wao wanafunzi, walichangia maandishi, picha na ramani za vijiji na mitaa yao. Yote yakawekwa kwenye santuri mbili za leza, za kusomwa na kompyuta ya BBC Master iliyounganishwa na kisomeo maalumu.

Mitambo hiyo iligharimu maelfu ya pauni, na shule nyingi hazikuimudu. Haikupita miaka 15, visomeo vikawa adimu na vilivyobaki vikaanza kuharibika. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka, huku kazi ya mwaka 1986 ikielekea kuzikwa hai. Watoto walioandika habari za mtaa wao walikuwa watu wazima tu, hawajaanza hata kuzeeka!

Waliookoa jahazi ni watafiti wa mradi wa CAMiLEON, wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan. Walinakili kilichomo kwenye santuri, wakachukua emuleta ya kompyuta za BBC iliyokuwapo tayari, wakaiongezea uwezo wa kujifanya kile kisomeo. Mwaka 2002 wakaonyesha Domesday ile ikifunguka kwenye kompyuta ya kawaida.

Mtu atasema: si wangetoa maandishi tu wakaachana na mashine? Swali zuri. Jibu lake nililipata Atlanta, Marekani, kwa habari za Chuo Kikuu cha Emory. Mwaka 2006 chuo hicho kilichukua nyaraka za mwandishi Salman Rushdie, na pamoja na daftari zake zikaja kompyuta 4 za Apple, moja imeshaharibiwa na soda iliyoimwagikia. Zilikuwa na gigabaiti 18 za kazi yake. Nyaraka zilipofunguliwa kwa umma mwaka 2010, msomaji aliweza kukaa mbele ya emuleta na kuiona kompyuta ya Rushdie kama yeye mwenyewe alivyoiona: mafaili yalivyopangwa, vijikaratasi vya kujikumbusha vilivyobandikwa kwenye skrini, na rasimu zenyewe. Kwa anayetaka kujua kitabu huzaliwaje, hiyo ni sawa na kuruhusiwa kuketi kwenye kiti cha mtunzi.

Wapo wanaotunza mashine yenyewe. George R. R. Martin alisema mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS. Mwenzake wa Kanada, Robert J. Sawyer, amewafikiria na wengine. Mwaka 2024 alikusanya toleo la mwisho la WordStar ya DOS, vitabu vyake vya maelekezo na emuleta za kuiendeshea, akaviweka pamoja mtu yeyote avichukue bure. Moja ya emuleta hizo ni ya ukoo wa DOSBox, programu ya bure iliyoanza mwaka 2002.

Ni kifurushi hicho nilichomfungulia Mjomba. Skrini ikawa nyeusi, WordStar ikaamka, na mikia yote ikatoweka. Mzee akavaa miwani, akasogeza kiti. Vidole vyake vikaenda kwenye vitufe vyenyewe, bila kuniuliza kitu, akashuka ukurasa baada ya ukurasa.

Tulipofika onyesho la mwisho maneno yakakatika. Disketi ilikuwa imeoza pale, na emuleta huiga mashine tu, haiwezi kurudisha kilichofutika. Mjomba akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kunitajia mazungumzo kwa kumbukumbu, mimi nikawa naandika. Mara mbili alisema, "Hapana, futa, hakusema hivyo."

Wenzangu wa kalamu, emuleta nayo ni programu. Itazeeka, nayo itahitaji ya kuiga mashine yake. Kwa hiyo hamisha kazi zako kabla chombo hakijafa, andika pembeni ni programu gani na toleo gani ulilotumia, na usiweke nakala moja. Tamthilia ya Mjomba sasa ina nakala tatu. Mbili ziko kwenye kompyuta, na moja ni ya karatasi. Hiyo ya karatasi ameifungia kwenye lile sanduku la nguo, na ufunguo hampi mtu.