Pango Lililojengwa kwa Maneno

Uhalisia pepe unapotajwa, aghalabu fikira huelekea kwenye vyombo vya kuvaliwa usoni. Chombo cha namna hiyo kilichobuniwa na Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1968 kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini, na alichokiona mvaaji ni michoro ya mistari mitupu. Hata hivyo, mazingira ya hadithi ambamo mtu angeweza kuingia na kutembea hayakulazimika kungojea macho ya mashine. Katika miaka ya 1975 na 1976 yalijengwa kwa maneno peke yake.

Mjenzi wake, Will Crowther, alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeshiriki katika kuunda mtandao wa ARPANET. Alikuwa pia mzoefu wa mapango. Yeye na mkewe Patricia walishiriki katika kupima na kuchora mapango ya Kentucky. Na mwaka 1972 Patricia alikuwamo katika kundi lililothibitisha kwamba mapango ya Flint Ridge na Mammoth Cave yameungana. Ndoa yao ilipovunjika, Crowther aliandika programu katika lugha ya Fortran ili kuwafurahisha binti zake. Humo aliweka sehemu ya pango aliyoijua, iitwayo Bedquilt.

Muundo wa kazi hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la *Adventure*, ni mwepesi. Msomaji huelezwa mahali alipo: mwisho wa barabara, kijumba cha matofali, kijito. Ndani ya kijumba mna funguo, taa, chakula na chupa. Naye huandika amri ya neno moja au mawili, kitenzi na nomino, kisha maelezo mapya hufuata. Asipowasha taa, gizani huenda akatumbukia shimoni. Katika ngano, hadhira humwitikia fanani lakini haimchagulii shujaa njia. Hapa nafsi ya tatu imekuwa nafsi ya pili, na msikilizaji amepewa mzigo wa kutenda.

Mwaka 1977 Don Woods, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliipanua kazi hiyo kwa idhini ya Crowther, akaongeza hazina na viumbe vya kubuni. Mwaka 2007 Dennis Jerz alichapisha uchunguzi uliolinganisha programu ya awali na pango lenyewe, ikabainika kwamba Crowther aliifuata sana sura ya mahali halisi. Wepesi wa muundo, basi, haukuwa umaskini wa maarifa. Sentensi chache zilitosha kwa sababu mwandishi alikijua kila kichochoro alichokitaja.

Kwa wanaisimu, jambo zito zaidi limo katika usomaji wa amri. Programu ilizingatia herufi 5 za kwanza tu za kila neno, kwa kuwa kipimo kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta ya PDP-10 kilitosha herufi 5. Kwa Kiingereza hasara ilikuwa ndogo, maana mzizi wa kitenzi kwa kawaida hutangulia. Kiswahili hutanguliza viambishi. "Kichukue" na "kichunguze" ni amri mbili ambazo msafiri wa pangoni angezihitaji kila mara, lakini herufi zao 5 za mwanzo ni zile zile. "Nimechukua" na "nimechagua" hali kadhalika. Mashine hiyo ingemtambua mtendwa na wakati, isitambue tendo.

Kikomo cha herufi 5 kimekwisha kupita, wala kompyuta za leo hazibanwi na uhaba huo wa kumbukumbu. Lakini funzo lake lingalipo. Anayetaka kujenga mazingira ya hadithi kwa Kiswahili hawezi kutosheka na kutafsiri orodha ya vitenzi vya kigeni na kuipachika katika muundo uliokwisha kukatwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Hana budi kuanza na kitenzi cha Kiswahili chenyewe: kuvitenga viambishi, kuufikia mzizi, kisha kuuliza ni kitu gani cha ngeli ya KI kilichopo mbele ya msafiri. Upatanisho wa kisarufi, ambao huonekana kuwa kikwazo, ungemsaidia kutambua kinachokusudiwa pasipo nomino kutajwa. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla haijawa ya fundi wa mashine. Na akiiacha, msafiri Mswahili ataingia pangoni akiwa na taa mkononi, lakini asisikike anapoamuru iwashwe.