Galaksi Juu ya Meza

Haya wasomaji, leo tuziweke seva kando kidogo tuzungumze kuhusu michezo. Sio ile ya tarakilishi. Ninasema ile michezo mikubwa ya ubao inayohusu vita na biashara katika anga za juu, ambayo kitabu chake cha kanuni ni kinene, vipande vyake vinajaza meza nzima, na mchezo mmoja unaweza kuanza baada ya chai ya asubuhi ukaisha giza likiingia. Swali ambalo kila mtu huuliza ni hili: tarakilishi ipo, inapiga hesabu mamilioni kwa sekunde moja, mbona watu wazima wakae wakisogeza vipande vya plastiki kwa vidole?

Mimi naona kwamba mvuto wenyewe uko hapo hapo. Katika michezo hii wachezaji ndio prosesa. Kanuni ni programu, na watu walioketi mezani ndio wanaoiendesha, hatua kwa hatua, kila mmoja akiona. Taabu yao kubwa tangu mwanzo imekuwa moja: hesabu ziwekwe wapi?

Turudi 1974. Mwaka huo, huko Austin, Texas, Howard Thompson alitoa mchezo uitwao Stellar Conquest kupitia kampuni yake ndogo ya Metagaming. Kila mchezaji alianza na meli chache pembeni mwa ramani ya nyota. Alichunguza sayari, akapeleka walowezi, akajenga viwanda, akalipia utafiti, na mwishowe akapigana na majirani. Hesabu zote ziliwekwa kwenye karatasi na penseli. Idadi ya watu inaongezeka, viwanda vinazaa, utafiti unagharimu, nawe unaandika na kufuta kama karani wa kaunti. Ilikuwa lahajedwali kabla ya lahajedwali, maana VisiCalc haikutoka mpaka 1979.

Kazi ya namna hiyo inaililia tarakilishi, na tarakilishi ziliitikia. Mwaka 1983 Waaustralia wa kampuni ya SSG walitoa Reach for the Stars. Miaka 10 baadaye ikaja Master of Orion, iliyoandikwa na kampuni ya Simtex, nayo pia ya Austin (mji huo una kitu ndani ya maji yake). Ni wakati akiielezea Master of Orion katika gazeti la Computer Gaming World, mwaka 1993, ndipo Alan Emrich alipobuni jina tunalotumia hadi leo, 4X. X nne ni maneno manne ya Kiingereza yenye mlio huo: kuchunguza, kupanuka, kuvuna mali na kuangamiza. Angalia mpangilio wa tarehe. Mchezo wa karatasi ulikuwa na mambo yote manne miaka 19 kabla hayajapewa jina.

Kwa mantiki ya kawaida hadithi ingeishia hapo. Mashine imechukua hesabu, karatasi iende makumbusho. Lakini mwaka 1997, wakati Master of Orion ilikuwa tayari na toleo la pili, Christian T. Petersen wa Fantasy Flight Games, kampuni ya Minnesota, alichapisha Twilight Imperium. Mchezo huo ungali hai. Toleo la nne lilitoka 2017 na sanduku lake linasema wazi kwamba utakula kati ya saa 4 na saa 8 za siku yako. Kuna mataifa 17 ya kuchagua, kila moja likiwa na ruhusa yake ya kuvunja kanuni fulani. Nyongeza ya 2020 iliongeza mengine 7.

Kwa nini hukufa? Kwanza kwa sababu ya ahadi. Katikati ya ramani kuna sayari ya Mecatol Rex, makao ya dola iliyoanguka. Mtu akishaichukua, kila raundi huwa na kikao cha baraza ambapo wachezaji hupigia kura sheria zinazobadilisha mchezo wenyewe. Mnaweza kununua kura, kukopeshana, kutishana. Na kanuni inasema jambo moja ambalo napenda sana: mapatano yanayotekelezeka papo hapo lazima yatimizwe, lakini ahadi ya baadaye haimfungi mtu. Ukiniahidi kwamba hutanishambulia zamu ijayo, mchezo haukulazimishi. Kuna kadi unayoweza kumpa mwenzako ikamwongezea pointi moja, lakini akisogeza majeshi yake kwenye eneo lako anairudisha na pointi inaondoka naye. Kwa maneno mengine, wabunifu wameweka dhamana pale tu ambapo dhamana inavutia, na kwingine kote wamekuachia uso wa mwenzako uusome. Nilicheza na tarakilishi miaka mingi na haijawahi kunifanya nione haya kwa kuisaliti.

Pili ni kwamba programu hii ya kadibodi inaonekana hadi ndani, pamoja na kasoro zake. Toleo la tatu la 2005 lilikuwa na kadi 8 za mikakati ambazo wachezaji huchagua kila raundi. Moja, ya Kifalme, ilimpa aliyeichagua pointi 2 hivi hivi. Nyingine ilikupa haki ya kuchagua wa kwanza raundi inayofuata. Wachezaji hawakukawia kuona mwanya: chukua haki ya kwanza leo, chukua pointi 2 kesho, mwachie mwingine, rudia. Galaksi nzima, na watu wanapanga foleni! Mwaka 2006 nyongeza ya Shattered Empire ilileta seti mpya ya kadi, ikiwemo ya Kifalme iliyoandikwa upya. Kiraka kabisa, ila kilikuja ndani ya sanduku. Wengi hawakuwa wamekisubiri, walikuwa wamesharekebisha wenyewe nyumbani kwa kukubaliana tu. Jaribu kufanya hivyo na programu uliyouziwa bila msimbo wake.

Lakini mchezo unaopaswa kusomwa na kila mwandishi wa programu, kwa maoni yangu, ni Eclipse wa Touko Tahkokallio, uliotoka Finland mwaka 2011. Huyu bwana aliuliza lile swali la 1974 upya, akaondoa penseli.

Kila mchezaji ana ubao wake wenye mistari mitatu ya vipande vidogo vya mchemraba: ya fedha, ya sayansi na ya malighafi. Chini ya kila kipande kumechapishwa namba. Ukipata sayari, unatoa kipande kwenye mstari na kukiweka kwenye sayari hiyo. Namba iliyofunuliwa ndiyo mapato yako mapya. Basi. Hakuna kujumlisha. Ukipoteza sayari, kipande kinarudi na kuifunika namba. Pembeni kuna visahani vya utawala: kimoja kwa kila eneo unalolimiliki, na kimoja kwa kila hatua unayochukua katika raundi. Kila kinachoondoka kinafunua gharama kubwa zaidi. Ukijipanua ovyo unaiona bili ikipanda mbele ya macho yako, na mwisho wa raundi ukishindwa kulipa itabidi uyaachie maeneo.

Wazee wa bao kule pwani hawatashangaa hapa. Hakuna anayeandika chochote katika bao la kiswahili. Kete 64 ndani ya mashimo 32 ndizo kumbukumbu na ndizo hesabu. Tahkokallio amefanya hivyo kwa uchumi wa dola nzima. Ndiyo maana Eclipse ya kwanza ina raundi 9 tu na unaimaliza jioni moja, ingawa ndani yake mna X zote nne.

Sasa kuna jambo la kuchekesha. Tangu 2015 ipo programu iitwayo Tabletop Simulator, na watu wengi hucheza Twilight Imperium humo wakiwa nchi mbalimbali. Ungedhani kazi ya programu hiyo ni kusimamia kanuni. La. Yenyewe inajua tu uzito wa dadu, kadi inavyogeuka na kipande kinavyoanguka. Kanuni wanazisimamia wachezaji, wakibishana kwa maikrofoni kama wako meza moja. Na aliyeshindwa akikasirika, kuna amri maalumu ya kuipindua meza.