Hatari!: Filamu iliyomcheka mwindaji ikamsahau mwenyeji

Gari linalotoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa na kuingia Karatu, mji ambao sehemu kubwa ya riziki yake inatokana na watalii. Wengi wa watalii hao wameshaijengea safari sura kabla hawajakanyaga lango la hifadhi: gari la wazi, vumbi, faru anayekimbia, mzungu mwenye kofia pana. Miongoni mwa kazi zilizoieneza sura hiyo duniani, filamu ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks ina nafasi ya pekee. Ilipigwa picha kaskazini mwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1960, kutoka Momella chini ya Mlima Meru hadi upande wa Manyara na Ngorongoro, ikaonyeshwa mwaka 1962. Hukumbukwa kama filamu ya ujasiri wa John Wayne. Ukiitazama upya kwa utulivu, utaona kwamba ni kichekesho kinachowadhihaki majasiri, na kwamba uzito wake umebebwa na waigizaji wa pembeni kuliko shujaa mwenyewe.

Hawks hakuwa wa kwanza kuleta kamera Afrika Mashariki. Trader Horn ya 1931, King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953 zilikwisha kumjenga mwindaji wa kizungu kama mtu asiyetetereka, anayejua pori kuliko waliozaliwa humo. Mtindo huo ulizoeleka kiasi cha kuanza kuchekwa hata kabla hizo mbili za mwisho hazijatoka. Mwaka 1949 wachekeshaji Abbott na Costello walitoa Africa Screams, dhihaka ya wazi ya filamu za safari, iliyotengenezwa Marekani. Humo Frank Buck, mkamataji wanyama maarufu wa zama zile, na Clyde Beatty, mfunza simba wa sarakasi, waliigiza nafasi zao wenyewe. Kwa hiyo Hawks alipofika Tanganyika, mwindaji shujaa alikuwa tayari ameshafanyiwa mzaha. Alichofanya yeye ni kuuhamisha mzaha huo kutoka studio na kuuleta kwenye ardhi yenyewe, mbele ya faru wa kweli.

Ushahidi uko kwa waigizaji wake. Bruce Cabot ndiye aliyemwokoa Fay Wray kwenye King Kong ya 1933, filamu nyingine ya watu wanaokwenda mbali kumkamata mnyama wa kuonyeshwa mjini. Katika Hatari! anaumizwa na faru mwanzoni kabisa, hata kabla mtazamaji hajazoea majina ya wahusika. Hardy Krüger wa Ujerumani na Gérard Blain wa Ufaransa wanavimbiana vifua kwa ajili ya binti aitwaye Brandy, kisha moyo wa binti unamwangukia Pockets, mwoga wa kundi. Pockets ni Red Buttons, mchekeshaji aliyepata Oscar kwa filamu ya Sayonara ya 1957. Anawaogopa wanyama, lakini ndiye anayebuni roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili, na kazi iliyowashinda wenye misuli inakwisha. Wayne mwenyewe, akiwa Sean Mercer, hamwogopi faru ila anababaika mbele ya Dallas, mpiga picha anayeigizwa na Elsa Martinelli. Hata mwisho wa filamu hauna risasi wala ushindi: ndama wa tembo wanamsaka Dallas katika mitaa ya Arusha.

Anayepinga anaweza kuuliza: dhihaka gani hii, ikiwa hatari ilikuwa ya kweli? Ni kweli kwamba waigizaji walishiriki wenyewe kuwafukuza wanyama kwa magari, wakiongozwa na mkamataji wanyama kwa kazi, Willy de Beer. Faru mmoja aliponyoka mbele ya kamera ikabidi akamatwe upya. Lakini hapo ndipo mzaha unapopata makali. Simba wa studio hamwaibishi mtu. Faru wa kweli anayegonga gari humpunguza shujaa hadi kimo chake halisi: mtu aliyeshika mti wenye kitanzi cha kamba, akitegemea dereva asikosee.

Huyo dereva ndiye anayeihusu Karatu. Kazi zinazochekesha katika Hatari!, yaani kutengeneza gari, kukamua mbuzi ili ndama wa tembo wapate maziwa, kulisha na kutuliza, ndizo kazi zilizoiendesha safari tangu mwanzo. Nje ya filamu, nyingi zilifanywa na wenyeji, na leo madereva, mafundi, wapishi na waongoza watalii wa Karatu ndio wanaozijua vizuri zaidi. Ndani ya filamu, Watanganyika wanaonekana nyuma ya magari wakivuta kamba na kupokea amri. Waarusha wanampa Dallas jina la Mama Tembo, kisha wanaondoka kwenye hadithi. Hakuna Mtanganyika hata mmoja katika nafasi kuu. Na haya yalipigwa picha wakati Julius Nyerere alikuwa tayari anaongoza serikali ya ndani, ikiwa imebaki takriban mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Desemba 9, 1961. Mzaha ulimfikia bwana mkubwa, lakini haukumpa mtumishi wake sauti.

Wapo watakaosema basi filamu itupwe: ni ya kikoloni, na inashangilia kuwakimbiza wanyama hadi wachoke ili wauzwe kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Lawama hiyo ina haki, lakini kutupa ushahidi hakuondoi kosa. Tena filamu nzito haikuwatendea wenyeji vema zaidi. Serengeti Shall Not Die ya mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyoshinda Oscar ya filamu za hali halisi, ilitoka mwaka 1959, mwaka uleule ambao Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakaondolewa Serengeti. Grzimek aliamini kwamba watu, hata wenyeji, hawakupaswa kuishi ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa upande wa wanyama, picha za Hatari! zina thamani ya kumbukumbu: katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru zaidi ya 100 ndani ya Kreta ya Ngorongoro, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ujangili ulikuwa umewaacha chini ya 20.

Hukumu yangu ni kwamba Hatari! ilifika nusu ya njia. Ilithubutu kumcheka mwindaji, ikaonyesha kuwa mwoga mwenye akili ana faida kuliko jasiri mwenye majivuno, kisha ikaishia hapo. Nusu iliyobaki inahitaji watu wetu. Nchi iliyomtoa Mzee Majuto haikosi wachekeshaji, na Karatu haikosi visa vya magari yaliyokwama na wageni wanaoijua Afrika kupitia filamu. Vijana wenye kamera waitazame Hatari! kwanza, kisha watengeneze ya kwao, ambamo dereva ndiye mhusika mkuu.