Filamu iliyozaa sheria

Leo tuweke programu kando kidogo tuangalie historia.

Juni 1983 Rais Reagan wa Marekani alitazama filamu iitwayo WarGames. Humo kijana anayetafuta michezo kwa modemu anaingia kwenye kompyuta ya jeshi, nusura azue vita vya nyuklia. Reagan akamuuliza Jenerali John Vessey kama jambo hilo lawezekana. Wiki moja baadaye jibu likaja: hali ni mbaya kuliko unavyodhani. Septemba 1984 akatia saini agizo la NSDD-145 kuhusu usalama wa kompyuta za serikali.

Mwaka huo wa 1983, vijana wa Milwaukee waliojiita 414s walinaswa wakiingia kompyuta za watu, zikiwemo za maabara ya Los Alamos. Ujanja wao? Mara nyingi ni nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyejali kuzibadilisha.

Lakini binadamu huogopa kinachoonekana. Mvamizi ana sura. Nywila mbovu haina. Ni rahisi kudai mwizi afungwe kuliko kudai mlango ukomewe. Bunge liliitaja filamu hiyo katika ripoti yake, na 1986 likapitisha sheria ya CFAA.

Sheria hiyo ni miongoni mwa zilizotumika 2011 kumshtaki Aaron Swartz kwa kupakua makala za kitaaluma za JSTOR. Alijiua Januari 2013, kesi haijasikizwa. Alikuwa na miaka 26.

Wakija na sheria nyingine ya kutulinda, uliza kwanza: nani anakagua mlango?